Raketi Chini ya Jua la Garissa: Kujiunga na Klabu ya Badminton Chuoni
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulifuata asili ya mpira wa vinyoya: maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa India, mji wa Poona ulioupa mchezo jina lake la kwanza, na jumba la Diuki wa Beaufort liitwalo Badminton, ambalo kufikia miaka ya 1870 lilikuwa limeupa jina la pili. Tulifika hadi 1934, shirikisho la kimataifa lilipoundwa, na 1992, badminton ilipoingia rasmi kwenye Olimpiki kule Barcelona. Leo tunaacha majumba ya madiuki. Tunavuka daraja la Mto Tana pale Madogo na kuingia Garissa, ili tujibu swali lililoulizwa na wasomaji kadhaa: mwanafunzi ambaye hajawahi kushika raketi, aliyetupwa na karatasi ya udahili kilomita takriban 370 kutoka Nairobi, ataanzia wapi?

Garissa ina historia ambayo mwandishi hawezi kuiruka. Chuo Kikuu cha Garissa kilianza 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, katika uwanja uliokuwa wa chuo cha ualimu. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab walikivamia alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016, na 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Sitaki kudai kwamba raketi na wavu vinaponya jeraha la namna hiyo. Huo ungekuwa utovu wa heshima. Ninachosema ni kidogo zaidi: chuo kinachopokea vijana wa Wajir, Mandera na Ijara pamoja na wenzao wa Kitui, Kisii na Nyeri kinahitaji mahali ambapo watu wasiofahamiana watajikuta upande mmoja wa wavu. Kandanda haifanyi kazi hiyo vizuri sana. Huchagua kumi na mmoja wenye nguvu, aghalabu wanaume, na kuwaacha wengine pembeni wakishangilia. Badminton ya wawili kwa wawili huhitaji watu wanne tu, na mgeni akishirikishwa na mjuzi mchezo bado unanoga.

Nafasi yenyewe si kubwa. Uwanja wa wachezaji wanne una urefu wa mita 13.40 na upana wa mita 6.10, na wavu hufungwa kwenye nguzo zenye kimo cha mita 1.55. Bwalo la chakula au ukumbi wa mikutano, viti vikisogezwa ukutani, unatosha kabisa, mradi paa liwe juu na mapangaboi yazimwe. Hilo la mapangaboi si mzaha. Mjini Garissa kuzima pangaboi ni kuwaomba watu wajitoe mhanga, lakini likizunguka hakuna kinyoya, yaani kile kinachopigwa badala ya mpira, kitakachotua kilikokusudiwa.

Kwenye kinyoya ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo wanaoanzisha klabu kwa pupa hujikwaa. Kinyoya cha mashindano hutengenezwa kwa manyoya 16 ya bata au bata bukini, yote ya bawa la upande mmoja ili kizunguke sawasawa hewani, na uzito wake wote ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Ni kitu chepesi ajabu. Mhindi Satwiksairaj Rankireddy alikipiga kwa kasi ya kilomita 565 kwa saa huko Japani mwaka 2023, na hiyo ndiyo rekodi ya dunia. Hata hivyo, kinyoya hupungukiwa na kasi mara tu kinapoachana na raketi, kwa kuwa hewa hukivuta nyuma. Kwa hiyo hali ya hewa ya mahali ndiyo inayoamua kitafika wapi. Hewa ikiwa nyepesi, kama ilivyo milimani au wakati wa joto kali, kinyoya huruka mbali. Ikiwa nzito, hufia njiani.

Sasa angalia Garissa. Joto lake hupanda mara nyingi hadi nyuzi 35 na zaidi, na hilo huipunguzia hewa uzito. Lakini mji uko bondeni, takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Ukipima yote mawili, mwinuko wa Nairobi unashinda joto la Garissa: hewa ya Garissa, pamoja na fukuto lake lote, ni nzito kuliko ya Nairobi. Maana yake kwa mnunuzi ni hii. Vinyoya vinavyouzwa Nairobi vikiwa vimechaguliwa kwa ajili ya Nairobi, yaani vile vya mwendo wa polepole, vikifika Garissa huenda vikaonekana vizembe, na wanafunzi watadhani mikono yao ndiyo dhaifu. Kwa vile vya nailoni, rangi ya utepe kwenye kichwa cha kinyoya hueleza: kijani ni polepole, samawati ni mwendo wa kati, nyekundu ni kasi. Nunua vya samawati kwa ajili ya asubuhi, na uweke vichache vya kijani kwa siku za Februari na Machi ambapo hata kivuli kinachoma. Usimwamini muuzaji, jipimie mwenyewe. Simama kwenye mstari wa nyuma, kipige kinyoya kutoka chini kwenda juu kwa nguvu zako zote, kikienda sambamba na mstari wa pembeni. Kikitua kati ya sentimita 53 na 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili, kinafaa.

Ukavu wa hewa nao una hila yake. Manyoya halisi yakikauka hukatika kama vijiti baada ya mapigo machache. Wachezaji wa nchi zenye hewa kavu huyapitisha kwenye mvuke jioni ya kuamkia mchezo: unafungua kopo pande zote mbili, unalishikilia juu ya birika inayochemka kwa sekunde chache, kisha unalifunga ili unyevu uingie kwenye mashina. Garissa haina uhaba wa birika za chai zinazochemka. Hata hivyo, kwa klabu ya kujifurahisha, ushauri wangu ni kuanza na nailoni. Kinyoya kimoja cha nailoni hustahimili siku kadhaa za mazoezi, wakati cha manyoya mikononi mwa wachezaji wakali kinaweza kumalizika ndani ya mchezo mmoja.

Kuhusu saa, jua na upepo ndivyo vinavyopanga ratiba. Asiye na ukumbi asijaribu kucheza alasiri. Upepo wa alasiri hubeba kinyoya kama karatasi, na vumbi humaliza hamu iliyobaki. Wakati mzuri wa kucheza nje ni baada ya swala ya alfajiri, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu hivi, hewa ikiwa imetulia. Walio na ukumbi wenye taa watapata nafasi pia baada ya isha. Mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, ndipo vijana wana nguvu na usingizi hauji. Mgeni aliyetoka nyanda za baridi asikurupuke: mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na katika siku hizo inafaa kucheza kwa muda mfupi na kunywa maji kabla kiu haijabisha hodi.

Tangu 2019 pameongezeka njia nyingine. Shirikisho la Dunia lilizindua kule Guangzhou, China, badminton ya nje yenye kinyoya chake maalumu kinachovumilia upepo mwepesi, na kuruhusu ichezwe kwenye nyasi, sakafu ngumu au mchanga, hata kwa watatu kwa watatu. Mchanga Garissa unao kwa ukarimu. Shida ni kwamba vinyoya hivyo havipatikani kwa urahisi madukani, kwa hiyo kwa sasa naichukulia kama habari njema ambayo haijafika.

Nije kwa jambo ambalo dada zetu huuliza kwanza na ambalo makocha hulijibu mwisho: mavazi. Kanuni za uchezaji wa badminton hazina kifungu kinachokataza mtandio, suruali ndefu wala mikono mirefu. Mpira wa kikapu ulisubiri hadi 2017 kuruhusu kilemba na hijabu katika mashindano ya kimataifa, na FIFA iliondoa kizuizi chake 2014. Badminton yenyewe ilikaribia kujikwaa kwa njia nyingine. Mwaka 2011 shirikisho lilitaka wanawake wa ngazi za juu wavae sketi au gauni ili, eti, mchezo uvutie. Malalamiko yalitoka kila upande, yakiwemo ya wachezaji Waislamu wa Asia, na kufikia 2012 wazo hilo lilitupwa. Kwa hiyo msichana wa Garissa hana haja ya kuomba ruhusa ya mtu ili acheze akiwa amejisitiri. Anachohitaji ni kitambaa chepesi kisichoshika jasho, mtandio uliobanwa usiopepea machoni, na saa ambazo ukumbi ni wa wanawake pekee, mlango umefungwa na madirisha yana mapazia. Klabu isiyotenga saa hizo imewafungia nje hata kama haijaandika hivyo popote.

Utaratibu wa kuanzisha klabu au kujiunga nayo ni mwepesi. Katika vyuo vikuu vya Kenya klabu huandikishwa kupitia ofisi inayoshughulikia masuala ya wanafunzi: inahitaji katiba fupi, orodha ya wanachama, viongozi na mlezi kutoka kwa wahadhiri. Ikiwa klabu ipo, nenda siku ya mazoezi, sema hujui kitu, na ukubali kuokota vinyoya. Njoo na viatu vyenye soli bapa ya mpira. Raketi usinunue mwezi wa kwanza, azima. Hesabu ya pointi utaijua siku hiyo hiyo: kwa mfumo ulioanza 2006, kila kinyoya kinapokufa pointi hupatikana, mshindi wa seti hufika 21 akiwa na tofauti ya pointi mbili, na anayeshinda seti mbili ndiye mshindi. Adabu nayo si ndefu. Mpe kinyoya mpinzani mkononi au kwa mkwaju laini, usikisukume kwa mguu. Na wengine wakisubiri, ukimaliza seti toka.

Kwa wenye tamaa kubwa zaidi, badminton imo katika michezo ya vyuo vikuu vya Kenya. Na atakayesema kwamba Afrika Mashariki haina chake katika mchezo huu akumbushwe Edwin Ekiring wa Uganda, aliyecheza Olimpiki za Beijing 2008 na London 2012.

Lakini klabu nyingi hazifi kwa kukosa vipaji. Raketi na wavu hutolewa mara moja, kwa hafla na picha. Vinyoya huisha kila wiki, na hakuna mgeni rasmi anayekuja kukabidhi kopo la vinyoya. Kopo la mwisho likiisha, kila mtu hurudi bwenini bila kutangaza kwamba klabu imevunjika. Ndiyo maana namshauri mweka hazina wa klabu yoyote changa akusanye mchango mdogo wa kila mwezi, asiutumie kwa fulana wala soda, na anunue vinyoya vya muhula mzima kabla ya muhula kuanza, kwa sababu mzigo wa Nairobi haufiki Garissa siku unayoutaka.

Kwa wakuu wa vyuo vya Garissa, Wajir na Mandera nina ombi la mambo matatu tu: fungueni ukumbi saa kumi na mbili asubuhi, watengeeni wasichana saa zao, na liingizeni neno vinyoya kwenye bajeti ya michezo. Wiki ijayo tutaeleza namna ya kuanzisha mchezo na miguu inavyopaswa kusimama. Walio na raketi waje nazo karibu wanaposoma.