Kasi ya saa ya prosesa

Kasi ya saa ya prosesa ni idadi ya mapigo yanayotolewa na saa ya ndani ya prosesa ya kompyuta kwa sekunde moja. Hupimwa kwa megahezi (mapigo milioni 1) au gigahezi (mapigo bilioni 1). Prosesa inaweza kuendeshwa kwa kasi kubwa kuliko iliyopangwa kiwandani. Baada ya hapo, programu mbalimbali huweza kuonyesha namba tofauti kwa prosesa ileile, kwa kuwa hazisomi kitu kimoja.

Hesabu yake

Kasi ya saa hupatikana kwa kuzidisha kasi ya msingi, inayotoka kwenye ubao mama, kwa namba inayoitwa kizidishi. Intel Core 2 Duo E6600, iliyotoka mwaka 2006, hutumia megahezi 266 na kizidishi 9, yaani gigahezi 2.4. Kasi ya msingi ikipandishwa hadi megahezi 333, prosesa hufikia takriban gigahezi 3.0.

Namba zinazoonyeshwa

* Kasi ya jina imeandikwa ndani ya prosesa kiwandani pamoja na jina la modeli. Haibadiliki: E6600 huendelea kujitambulisha kuwa ya gigahezi 2.4 hata inapokwenda kwa 3.0.
* Kasi ya sasa ni ile ya wakati wa kupimwa. Teknolojia kama SpeedStep ya Intel na Cool'n'Quiet ya AMD hushusha kizidishi kompyuta isipokuwa na kazi kubwa, ili kuokoa umeme. Kizidishi cha E6600 hushuka hadi 6. Kwa megahezi 333, kasi huwa gigahezi 2.0. Hivyo prosesa iliyoongezwa kasi inaweza kuonyesha namba ndogo kuliko ya kiwandani bila kuwa na hitilafu.

Kuhakikisha kasi

Kasi ya kweli husomwa prosesa ikiwa na kazi nzito, kwa programu kama CPU-Z. Kasi ikishuka katikati ya kazi hiyo, huenda prosesa inajikinga na joto, kwa mfano feni ikijaa vumbi.

Jambo hili ni muhimu kwa wanunuzi wa kompyuta zilizotumika, ambazo ni nyingi Afrika Mashariki. Kasi ya jina haionyeshi kama mmiliki wa awali alibadilisha mipangilio, na joto pamoja na volti iliyozidishwa hufupisha maisha ya prosesa. Mipangilio ya kiwandani hurudishwa kupitia BIOS.