Mpira wa kusafishia damu: familia iulize mapema



Baada ya swala ya Ijumaa, sisi wanakamati wa msikiti tulikwenda kumjulia hali mzee wetu mmoja, mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine. Tulimkuta mkono wa kulia umevimba kuanzia begani hadi vidoleni. Wanawe walidhani ameulalia. Kwa siku 4 walikuwa wakiukanda kwa mafuta ya habasoda. Hospitali waliambiwa kuwa mshipa uliopitishiwa mpira, chini ya mtulinga, umesinyaa na damu imeganda ndani yake.

Tumeona ni wajibu wetu kuwazindua wenzetu. Mpira huo hupitishwa shingoni, chini ya mtulinga au kwenye kinena, ukaingia katika mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Ni msaada mkubwa, kwani huwezesha matibabu kuanza bila kuchelewa. Hata hivyo, una hatari zake. Shingoni, mshipa huo umepakana na ateri; ikitobolewa kwa bahati mbaya, damu huvuja na shingo huvimba. Ndiyo maana hutumika ultrasaundi ili daktari auone mshipa anapochoma sindano. Mpira ukikaa muda mrefu, waweza kuingiza vijidudu katika damu au kuusinyaza mshipa, hususan ule wa chini ya mtulinga.

Basi familia iulize mapema: mpira utawekwa wapi? Utakaa hadi lini? Mgonjwa atatengenezewa lini fistula, yaani kuunganishiwa ateri na vena mkononi? Fistula huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kukomaa; anayechelewa kuuliza huchelewa kuondokana na mpira.

Mkono, shingo au uso kuvimba, homa yenye kutetemeka, au damu kuvuja penye mpira si mambo ya kukanda nyumbani. Mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kitambaa kinachofunika mpira kisilowe. Viungo vya wudhu havifiki hapo; ama kuhusu josho, aulizwe sheikh kabla ya kumwagia maji.

Kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Allah, wala kumuuliza daktari si kumvunjia heshima. Mzee wetu sasa anasubiri fistula katika mkono wa kushoto. Tumuombee shifaa. Amin.