Ratiba ikihama, pombe ya Babati inachacha

FEBRUARI 6, 2025, Uwanja wa Tanzanite Kwaraa mjini Babati. Simba inaongoza bao 1-0 dhidi ya Fountain Gate, mfungaji Leonel Ateba. Winga Ladack Chasambi anaurudisha mpira nyuma kwa kipa wake, Moussa Camara. Mpira unampita kipa, unajaa wavuni. Ubao unasoma 1-1 na unabaki hivyo hadi filimbi ya mwisho.

Kwa shabiki aliyepanda basi kutoka Dar es Salaam, akapita Dodoma na Kondoa ili aone Mnyama akichukua pointi tatu, bao la namna ile si la kusimuliana ukiwa umesimama. Kuna sehemu mbili tu za kwenda: kwenye kiti cha basi ukainamishe kichwa, au kilabuni.

Kilabu, siyo klabu. Herufi moja tu inazitenganisha. Klabu ina kocha, jezi na deni la usajili. Kilabu kina benchi la mbao, pipa, kata ya kuchotea na mama mwenye pombe. Mashabiki wengi wanaosafiri na timu wanavijua vyote viwili, ila kwenye magazeti kinaandikwa kimoja tu.

Tangu Fountain Gate ihamishie makazi yake Babati msimu wa 2024/25, mji huu umekuwa kituo cha wasafiri wa soka. Baada ya sare ile ya Simba, Yanga nayo ilifika Aprili 21, Jumatatu ya Pasaka, ikashinda 4-0. Mei 31, Simba ikarudi kwa nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB, ikachapwa 3-1 na Singida Black Stars. Ndani ya miezi minne, Babati ilipokea msafara wa Msimbazi mara mbili na wa Jangwani mara moja.

Mji wenyewe upo njia panda. Ukitoka Arusha unafika hapa, ukitoka Singida unafika hapa, na barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi Aprili 2018. Ziwa Babati lipo pale pale mjini, viboko wakiwemo, na Mlima Kwaraa, uliotoa nusu ya jina la uwanja, umesimama juu ya mji. Nusu nyingine ya jina ni madini ya tanzanite, yanayochimbwa Mirerani, mkoa huu huu wa Manyara.

Baa za bia ya chupa zipo nyingi na hazihitaji maelezo. Bia ya chupa ya Babati ni ile ile ya Temeke. Shabiki anayetaka kuonja mji aliofikia anatafuta kitu kingine.

PIPA LA NAKWA

Kitu hicho kinapatikana zaidi kwenye maeneo ya pembeni kama Nakwa, ambako mji wa Babati unaanza kuyaachia nafasi mashamba ya mahindi na mbaazi. Ni pombe ya nafaka: mtama, mahindi au ulezi, kulingana na kilichovunwa na mkono wa mpishi. Wairaqw wanaiita buura. Ni nzito, ina machicha, ina uchachu kidogo, na inashibisha. Vikombe viwili vinaweza kukuondolea hamu ya ugali.

Ipo pia pombe ya asali, maana huu ni mkoa wa wafugaji na warina asali. Kwa Wabarbaig, pombe ya asali ni kinywaji cha heshima, cha wazee na shughuli za kimila. Ukiikuta inauzwa, inywe taratibu. Ni tamu mdomoni, kazi yake inaanza ukisimama.

Wasomaji wanaofuatilia Ligi Kuu ya England wanajua kwamba kule nako shabiki wa ugenini huwa na ramani yake ya baa. Mwaka 1971 wanywaji wa Uingereza walianzisha chama, CAMRA, kutetea bia ya asili inayoendelea kuumuka ndani ya pipa hadi siku ya kunywewa, baada ya viwanda vikubwa kuanza kuiua kwa kuichuja na kuijaza gesi. Leo shabiki wa timu ya daraja la chini akisafiri huulizia kwanza baa gani karibu na uwanja ina pipa zuri.

Waingereza walilazimika kuunda chama ili kuirudisha. Nakwa haikuwahi kuondoka. Pombe ya pipa ya hapa ni bia hai vile vile: haichujwi kwa mashine, haina gesi ya kuongezewa, na inaendelea kufanya kazi hata ikiwa kwenye kikombe chako.

Uhai huo ndio utamu wake, na ndio hasara ya anayeipika.

SIKU KUMI KABLA YA FILIMBI

Chukua mechi ya Jumamosi saa 10:00 jioni. Kocha anaanza maandalizi Jumatatu. Mama mpika pombe anakuwa ameshaanza Jumatano ya wiki iliyotangulia.

Siku hiyo analoweka nafaka. Zikishalowa zinafunikwa mahali penye joto, zinaota kwa siku mbili tatu. Zikiota zinaanikwa juani hadi zikauke, ndipo zinapelekwa mashine kusagwa. Hicho ndicho kimea, na bila kimea hakuna pombe. Katikati ya wiki ya mechi anapika uji mzito kwenye pipa, kuni zinateketea nusu siku. Uji ukipoa anatia kimea, anafunika, anasubiri. Ijumaa pipa linatoa mapovu na sauti. Jumamosi asubuhi anachuja. Mchana, pombe imeiva.

Wapo wanaofupisha, wapo wanaochelewesha, lakini hesabu haiendi mbali na hapo. Na ikishaiva, haingoji. Jumamosi ni tamu. Jumapili ni kali. Jumatatu ni siki, na anayefaidi machicha ni nguruwe.

Hakuna friji ya kuokoa pipa la lita 200. Bia ya chupa isiyouzwa leo itauzwa wiki ijayo. Pombe ya pipa isiyouzwa leo ni nafaka, kuni, maji na siku kumi za mtu, vyote vimemwagwa.

Ndiyo maana vilabu vingi kwa siku za kawaida hupika kidogo na kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kutwa kwa yule. Siku ya mechi kubwa hesabu inabadilika. Mji unajaa wageni na kila mpishi anaongeza pipa, mara nyingi kwa nafaka ya kukopa. Faida ya siku moja inaweza kununua sare za shule na madaftari ya muhula mzima. Hasara ya siku moja inabaki kuwa deni la gunia.

Kwa hiyo ratiba ya Ligi Kuu si karatasi ya makocha na waandishi peke yao. Kuna jikoni inasomwa kama kalenda ya kilimo.

MECHI IKIHAMA

Na sote tunajua ratiba zetu zinavyokaa.

Fainali ya Kombe la Shirikisho msimu wa 2023/24 ilikuwa imepangwa kuchezwa Babati, Tanzanite Kwaraa. Ikahamishiwa Zanzibar. Juni 2, 2024, Yanga na Azam zilikutana New Amaan, dakika 120 zikaisha bila bao, Yanga ikabeba kombe kwa penalti. Wananchi walifurahi. Babati ilikosa siku ambayo ingekuwa kubwa kuliko zote katika historia ya uwanja wake.

Mwaka uliofuata yakatokea ya Machi 8. Dabi ya Kariakoo ilikuwa siku hiyo, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Usiku wa kuamkia mechi, Simba ikatangaza haitacheza baada ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani. Siku yenyewe ya mchezo, Bodi ya Ligi ikaahirisha. Mashabiki waliosafiri kutoka mikoani walikuwa tayari Dar es Salaam na jezi zao. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0.

Mjadala wa siku zile ulihusu kanuni, pointi na nani alaumiwe. Yalikuwa mambo ya msingi. Lakini kila mechi inayoahirishwa asubuhi yake ina watu ambao hawaingii kwenye kanuni yoyote: mwenye basi la kukodi, mama wa chipsi, muuza jezi, na yule ambaye pipa lake limeiva.

Muuza jezi atazikunja azirudishe begini. Mwenye pipa hana pa kulirudishia.

Wasiwasi mwingine ni timu yenyewe. Fountain Gate ilimaliza msimu wake wa kwanza Babati ikipambana na kushuka daraja, ikanusurika kwenye mechi za mchujo dhidi ya Stand United. Timu ikishuka, Simba na Yanga haziji tena. Mashabiki wa nyumbani wataumia kwa sababu ya timu. Vilabu vya pembeni vitaumia kwa sababu ya wageni.

KABLA HUJAKAA BENCHI

Kwa shabiki anayepanga safari, yapo mambo ya kujua.

La kwanza ni swali. Ukifika, salimia, kaa, halafu uliza: "Mama, hii ni ya leo au ya jana?" Hakuna anayekasirika. Mpishi mzuri atakujibu kweli, kwa sababu bei ya ya jana siyo ya leo, na wenyeji waliokaa pembeni wanasikia.

La pili, angalia inachotwa wapi. Pombe ya nafaka ina rangi ya udongo, ina mapovu, ina chembe. Ukiletewa kitu cheupe kama maji kwenye chupa ndogo, hiyo siyo pombe ya pipa, hiyo ni gongo. Gongo ni haramu kisheria, na gongo iliyopikwa vibaya inapofusha na kuua. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba Machi 1, 2017, na baadhi ya mashabiki waliozoea kuviweka mfukoni wakahamia kwenye vichupa visivyo na lebo. Usiwe mmoja wao. Bao la kusawazisha linaweza kufutwa na bao jingine, macho hayarudi.

La tatu, kula kwanza. Samaki wa Ziwa Babati wapo, nyama choma ipo. Mgeni wa Pwani aliyezoea bia baridi huidharau pombe ya pipa kwa sababu haina ukali mdomoni. Wengi wamesinzia kipindi cha kwanza hawajui hata nani ameanza.

La nne, usifunge pombe kwenye dumu ukapanda nalo basi. Ikiwa hai inatoa gesi. Dumu lililokazwa kifuniko, kwenye joto la basi, litapasuka kabla ya Kondoa, na abiria wenzako watakuchukia hadi Ubungo. Anayeendesha gari, hata kikombe kimoja asiguse.

La tano ni kwa asiyekunywa, na hao kwenye misafara ni wengi. Ulizia togwa. Inatoka kwenye nafaka hizo hizo na kimea hicho hicho, ila inanywewa mapema kabla haijawa pombe. Ni tamu, na inampa mpishi hela kama kawaida.

Utaratibu huo huo unafaa ugenini kwingine. Moshi kuna mbege ya ndizi na ulezi. Mbeya kuna komoni. Iringa na Njombe kuna ulanzi wa mianzi msimu wa mvua. Tanga, kwa Wagosi wa Kaya, kuna mnazi unaogemwa asubuhi na kugeuka mkali jioni. Bukoba kuna rubisi ya ndizi. Vinywaji vyote hivyo vina tabia moja: vina siku yake, na havisafiri. Lazima wewe ndiye usafiri.

BENCHI MOJA, JEZI MBILI

Kilabuni hakuna jukwaa la wageni. Benchi ni moja na kata ya kuchotea ni moja. Mwenye jezi nyekundu anakaa alipopata nafasi, na mara nyingi nafasi hiyo iko ubavuni mwa mwenye jezi ya kijani. Ubishi unakuwepo, utani unakuwepo, na bao la Chasambi litatajwa hata asipokuwepo wa kulitaja kwa nia mbaya. Lakini kikombe kikizunguka, anayegomba peke yake ndiye anayeonekana mgeni.

Hilo ni jambo ambalo viwanja vyetu vimeshindwa kulijenga kwa saruji na nondo.

Ratiba ya msimu ikitoka, shabiki ataangalia tarehe za dabi, kocha ataangalia safari za mikoani. Pale Nakwa kuna mtu ataangalia mstari mmoja tu: Simba Babati lini, Yanga Babati lini. Kisha atahesabu siku kumi kurudi nyuma, na kuloweka mtama.

Kilichobaki ni mechi ichezwe siku iliyoandikwa.