Kifafa: umeme wa ubongo unapovurugika

Kifafa si pepo, wala povu la mgonjwa haliambukizi. Kinatokana na hitilafu ya umeme wa ubongo.

Kila seli ya ubongo ina milango midogo sana. Milango ya sodiamu ikifunguka, seli inawaka. Ya potasiamu ikifunguka, inatulia. Milango ikipokezana vizuri, seli hupiga kwa mdundo: wa haraka tukiwa macho, wa polepole tukiwa usingizini. Kifafa kinapokuja, seli nyingi huwaka kwa pamoja, kama ngoma zote kupigwa kwa nguvu bila kupokezana. Ndipo mtu huanguka na kutetemeka.

Dawa hufanya kazi kwenye milango hiyo. Finitoini na kabamazepini huzuia milango ya sodiamu isifunguke mfululizo. Fenobabitoni huacha milango ya kloraidi wazi kwa muda zaidi, seli zitulie. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watu waliotengwa na jamii walipata nafuu kwa dawa.

Dawa hushikilia milango siku kwa siku, haiitengenezi moja kwa moja. Kwa hiyo usiache ghafla hata ukijiona umepona. Kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu.

Mtu akianguka, msogezeni mbali na moto na mlazeni ubavu. Msimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5 bila kutulia, mwahisheni hospitali.