Kompyuta Inapokwama Ikiwashwa: Tuokoe Vilivyomo Kabla ya Kutengeneza



 Safari hii tumeona tuzungumzie jambo linalowasumbua wengi wetu hapa Mbeya na ndugu zetu wa Iringa, nalo ni kompyuta ya nyumbani kuwashwa ikaanza vizuri, kisha ikaganda njiani bila kufika mwisho.

Tuanze na yaliyotukuta sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kompyuta ya ofisi ya madrasa yetu iliganda asubuhi moja ya mwezi wa Julai. Ilionyesha nembo ya Windows, ikabaki hapo hapo. Ndani yake mlikuwa na matokeo ya mitihani ya miaka sita, pamoja na sauti ya mwalimu wetu mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, akiwasomesha watoto Juzuu Amma. Mitihani ilikuwa imekaribia na sisi tulikuwa na haraka. Tukamwita fundi, naye akasema maneno ambayo kila mwenye kompyuta ameshawahi kuyasikia: "Hii ni kupiga Windows tu." Tukamjibu, "Piga."

Baada ya saa mbili kompyuta iliwaka vizuri, lakini haikuwa na kitu ndani. Matokeo tuliyaandika upya kwa kukusanya ripoti zilizokuwa kwa wazazi, na kazi hiyo ilituchukua karibu mwezi mzima. Sauti ya mwalimu hatukuipata tena. Fundi hatumlaumu, kwa kuwa alifanya tulichomwambia. Kosa lilikuwa letu, hatukumwambia kuna nini ndani wala hatukumwuliza kupiga Windows kutafuta nini.

Kibaya zaidi, wiki mbili baadaye iliganda tena. Ndipo tulipogundua kuwa Windows haikuwa na tatizo lolote. Sababu yenyewe tutaieleza mbele, In shaa Allah.

Kutokana na hayo tumejiwekea utaratibu wa mambo matatu: kwanza tujue imekwama wapi, pili tuokoe vilivyomo, tatu ndipo tutengeneze.

KOMPYUTA HUAMKAJE?

Fikirini jinsi madrasa inavyofunguliwa asubuhi. Kwanza mlango unafunguliwa. Pili, mwalimu wa zamu anakagua kama mikeka, ubao na chaki vipo. Tatu, anakwenda kabatini kuchukua daftari la mahudhurio. Nne, wanafunzi wanaingia na masomo yanaanza. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Umeme unaingia, kisha programu ndogo iliyomo kwenye mazabodi, yaani lile bao kubwa la ndani, inakagua viungo vya mashine, halafu Windows inatolewa kwenye diski kuu na kupakiwa kwenye kumbukumbu, yaani RAM, mwisho programu zetu wenyewe zinaanza. Kwa hiyo mahali ilipokwama panatuonyesha pa kutafuta.

1. Haionyeshi kitu chochote

Tuangalie soketi, waya na swichi ya nyuma ya kasha, lile ambalo wengi wetu tunaliita CPU. Je, taa ya kioo inawaka? Waya wa kutoka kwenye kasha kwenda kwenye kioo umekaza? Ni mengi yanayopelekwa kwa fundi kumbe waya umelegea tu.

Kama feni inazunguka lakini kioo ni cheusi, au inalia "pii, pii", mara nyingi tatizo ni RAM haikukaa vizuri au imeshika vumbi. Na vumbi letu la kiangazi mnalijua wenyewe. Mtu mzima anaweza kuchomoa waya wa umeme, akafungua kasha, akagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme wa mwilini, akaichomoa RAM na kuifuta meno yake kwa kitambaa laini kikavu, kisha akairudisha mpaka isikike "ka!" pande zote mbili. Lakini kile kisanduku cha pawa saplai kisifunguliwe kamwe, kwa sababu hubaki na umeme wa hatari ndani yake hata baada ya kuchomolewa.

2. Inakwama kwenye nembo ya mtengenezaji

Hapa huenda Windows bado haijaguswa, basi tusikimbilie kuilaumu. Tuchomoe kila kilichochomekwa: fleshi, printa, simu, modemu. Abaki kipanya, kibodi na kioo. Familia moja ya Iringa, upande wa Kihesa, ilitupigia simu jioni ikisema kompyuta imekufa na kesho yake wangeipeleka Miyomboni kwa fundi. Tukawauliza kuna nini kimechomekwa. Kulikuwa na fleshi iliyosahaulika kwa nyuma. Ilipochomolewa, mashine iliwaka.

Tuangalie saa na tarehe pia. Kama kila ikiwashwa inarudi mwaka wa nyuma sana na kutaka tubonyeze F1, betri ndogo ya mviringo iliyomo ndani imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani betri hiyo huitwa CR2032, ni ya volti 3, na bei yake ni ndogo.

Lakini tukisikia diski inagonga "tak, tak, tak", tuizime papo hapo wala tusiiwashe tena kujaribu. Diski inayogonga imeumia, na kila tunapoiwasha tunapunguza nafasi ya kuokoa vilivyomo.

3. Inakwama kwenye nembo ya Windows

Kwanza tusubiri. Ikiwa kuna maandishi yenye asilimia, au taa ndogo ya diski inapepesa, mashine inafanya kazi: ama inasasisha programu au inakagua diski baada ya umeme kukatika. Tuipe saa nzima au hata mbili kabla ya kuizima. Umeme unapokatika ghafla ni kama katibu kunyang'anywa kalamu akiwa katikati ya kuandika jina. Ukurasa huo utakuwa na kasoro, na mashine inahitaji muda wa kuukagua.

Kama haisogei kabisa, tuiwashe katika hali salama, ambayo hupakia vitu vya lazima tu. Kwa Windows 7 na zilizotangulia, tunabonyeza F8 mara kwa mara kabla nembo haijatokea. Kwa Windows 10 na 11, tunaizima kwa kushikilia kitufe cha kuwashia pale inapokuwa inaanza, mara mbili au tatu mfululizo, nayo hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Hapo tunachagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, tunabonyeza Restart, na orodha ikija tunabonyeza namba 4. Baadhi ya kompyuta mpya huuliza kwanza namba ndefu ya ufunguo. Mara nyingi namba hiyo huwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta.

Ikiwaka katika hali salama tumshukuru Allah, na kabla ya jambo lingine lolote tunakili mafaili yetu kwenye fleshi. Baada ya hapo tuondoe programu ya mwisho kuwekwa kabla ya tatizo kuanza. Tuangalie pia kama kuna programu mbili za kuzuia virusi, maana mbili zikikaa pamoja hugombana na kuigandisha mashine. Katika ukurasa ule wa matengenezo kuna neno Reset pia. Tusilibonyeze kwa haraka, kwa kuwa chaguo lake moja linafuta kila kitu.

4. Inafika mwisho, kisha inaganda

Hapa mara nyingi diski imejaa, programu nyingi zinaanza kwa pamoja, au kuna virusi. Fleshi zetu zinazozunguka kutoka dukani Mwanjelwa hadi nyumbani ni njia kubwa ya virusi. Kirusi kilichoitwa Conficker, kilichojitokeza Novemba 2008, kilienea duniani kote, na mojawapo ya njia zake ilikuwa fleshi. Wenye mashine za zamani wajihadhari zaidi: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Ikiwa inaganda baada ya dakika kumi au ishirini, tuguse kasha. Likiwa la moto sana, huenda feni imejaa vumbi.

BARIDI YA JULAI

Sasa turudi kwenye kompyuta yetu. Mmoja wetu alikuwa na tabia ya kuandika, na aliandika siku na saa ya kila ilipoganda. Tulipoisoma karatasi yake tuliona jambo moja: iliganda asubuhi tu, tena asubuhi za baridi kali, ikifika adhuhuri iliwaka vizuri. Fundi mwingine alipoifungua alituonyesha kapasita kwenye mazabodi, vile vipipa vidogo vinavyotuliza umeme. Kadhaa vilikuwa vimevimba vichwa.

Kapasita za aina hiyo zina majimaji ndani, na zikishachakaa baridi huzidi kuzidhoofisha. Si jambo la madrasa yetu peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita nyingi mbovu ziliingia katika kompyuta zilizotengenezwa wakati huo, na mashine zikafa mapema katika nchi nyingi. Mwenye mashine ya mtumba ya miaka ile, akiwa Uyole au Mafinga ambako baridi haina mzaha, ajue kuwa ikigoma asubuhi na kukubali mchana, ugonjwa huenda uko kwenye umeme wa ndani, yaani kapasita au pawa saplai. Kupiga Windows hakutausaidia. Tulibadilisha kapasita hizo na mashine ikatulia. Matokeo yetu na sauti ya mwalimu vilifutwa bure.

TUFANYE NINI KUANZIA LEO?

Kwanza, tuandike: imekwama wapi, saa ngapi, kilichobadilika ni nini. Tubadilishe jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hatutajua kilichoponya.

Pili, ukimwita fundi mwambie: "Kabla ya kupiga Windows, tuokolee mafaili." Hata mashine isipowaka, diski nzima inaweza kutolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine.

Tatu, msimu wa mvua na radi, tuchomoe waya kwenye soketi. Umeme ukikatika tuzime, na ukirudi tusubiri dakika chache. Mwenye uwezo anunue UPS, ili apate muda wa kuzima kwa utaratibu.

Nne, tuweke nakala mbili, na moja isikae nyumba moja na kompyuta. Sisi sasa nakala ya pili tunaipeleka Iringa kila muhula.

Wanafunzi wetu, leo mkifika nyumbani waulizeni wazazi swali moja: katika kompyuta hii, au hata katika simu, ni kitu gani kikipotea hatutakipata tena? Pengine ni picha ya babu, pengine ni sauti ya mtu ambaye hatasema tena. Hiyo ni amana iliyo mikononi mwenu. Inakilini leo, ingali inawaka.