Jinsi Mitambo ya Chai Inavyofundishwa Kazi

Londiani ni mji wa misitu na baridi katika Kaunti ya Kericho. Hapo kipo Chuo cha Misitu cha Kenya, na hapo hupita reli ya zamani iliyofika Kisumu mwaka 1901. Mtu akishuka kutoka Londiani kwenda Kericho, na kuendelea mpaka Bomet, huiacha miti na kuingia katika mashamba ya chai. Katikati ya mashamba hayo huonekana dohani ndefu za viwanda. Moshi utokao humo ni wa kuni, maana boila nyingi za viwanda vya chai huwashwa kwa kuni, hasa za mikalitusi.

Wakulima wengi hulijua jani lao mpaka pale linapopimwa kituoni na kupakiwa katika lori. Yanayotokea baadaye hawayaoni. Zamani fundi wa kiwanda alisimama kando ya mtambo, akanusa chai, akaishika kwa mkono, na kufungua au kufunga mvuke kwa kadiri alivyoona. Siku hizi katika viwanda vingi kazi ya kulinda joto imepewa kompyuta. Yafaa mkulima na mfanyakazi wajue kompyuta hiyo hufundishwa namna gani, kwa sababu ikifundishwa vibaya hasara ni yao.

SAFARI YA JANI

Jani bichi likipimwa, sehemu 75 hadi 80 katika kila 100 ya uzito wake ni maji. Kwanza hutandazwa juu ya vitanda virefu vya wavu, na feni hupuliza hewa chini yake kwa saa nyingi mpaka linyauke. Kisha hupita kati ya magurudumu yenye meno, ambayo hulikata, hulirarua na kulisokota. Mashine hiyo ilibuniwa na W. McKercher huko Assam, India, karibu mwaka 1930. Baada ya hapo jani lililosagwa huachwa lichache, huku rangi yake ikigeuka kutoka kijani kuwa ya shaba. Mwisho huingia katika kikaushio, na hewa ya moto huyaondoa maji mpaka yabaki sehemu 3 hivi katika 100. Kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu.

Kikaushio ndipo mahali pa hatari. Joto likipungua, chai hutoka na unyevu, na ikikaa ghalani huota ukungu. Likizidi, huungua, na harufu ya kuungua haiondoki tena. Dakika chache za uzembe zaweza kuharibu kazi ya mamia ya wachumaji walioamka alfajiri katika umande. Viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964, ni mali ya wakulima wenyewe kwa njia ya hisa. Kwa hiyo chai ikiungua, kinachopotea ni fedha za mkulima.

BLOKU NI NINI

Mwashi hafinyangi tofali jipya kwa umbo jipya kila ajengapo ukuta. Hutumia matofali ya kipimo kimoja. Ndivyo afanyavyo pia mtunzi wa programu za mitambo. Hufunga maagizo yahusuyo kazi moja katika fungu moja, nalo huitwa bloku. Upande mmoja wa bloku huingia habari, kama vile joto la hewa. Ndani yake mna hesabu. Upande wa pili hutoka amri, kama vile kufungua vali ya mvuke kidogo zaidi. Bloku moja ikisha kutungwa vizuri, yaweza kutumiwa katika vikaushio vyote vya kiwanda. Kanuni za kimataifa ziitwazo IEC 61131-3, ambazo zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1993, zinaeleza jinsi bloku hizo ziandikwavyo, ili fundi wa nchi moja aweze kuisoma kazi ya fundi wa nchi nyingine.

Bloku moja itumikayo sana duniani hujiuliza maswali matatu. Mama achemshaye maziwa huyajibu maswali hayo kila siku bila kuyasoma shuleni. Swali la kwanza: joto liko mbali kiasi gani na lile linalotakiwa? Maziwa yakiwa baridi kabisa, huongeza kuni nyingi. Yakikaribia kuchemka, huongeza kidogo. Swali la pili: upungufu huu umedumu kwa muda gani? Akiona maziwa yamekaa muda mrefu bila kuchemka, hujua kwamba moto hautoshi, naye huuongeza pole pole. Swali la tatu: mambo yanabadilika kwa kasi gani? Maziwa yanapoanza kupanda, hangoji yamwagike. Huvuta kijinga kimoja nje mapema. Kompyuta huyajumlisha majibu ya maswali hayo matatu na kuamuru vali, nayo hufanya hivyo mara nyingi kwa dakika, usiku na mchana.

KWA NINI BLOKU YA KIWANDA CHENYEWE

Bloku inunuliwayo tayari haijui chai. Yaweza kulinda joto la maziwa, la saruji au la bia, lakini haijui kwamba siku ya mvua jani huja limeloa na kuipoza hewa ya kikaushio kwa ghafula. Kwa sababu hiyo hapana budi kutunga bloku ya kazi yenyewe, na mtunzi lazima kwanza akae na fundi mzee wa kikaushio na kumwuliza afanyavyo.

Majibu ya fundi huyo hugeuzwa kuwa sharti. Jani lisiingizwe kabla hewa haijafikia joto lake. Jani likikoma kuja, joto lipunguzwe mara moja, ili lile lililobaki ndani lisiungue. Vali ikiwa imefunguliwa yote na joto bado halijatosha, kwa mfano kwa sababu kuni ni mbichi na mvuke ni haba, bloku isiendelee kuulimbikiza upungufu huo katika hesabu zake. Isipozuiwa, mvuke utakaporudi itachelewa kuifunga vali, na chai itaungua. Tena, fundi akichukua uongozi kwa mkono na kisha kuurudisha kwa kompyuta, kompyuta ianzie pale mkono ulipoacha. Isiirushe vali kwa ghafula.

Sharti jingine lahusu vipimo vyenyewe. Kipimajoto hupeleka habari kwa umeme mdogo sana. Katika viwanda vingi imekubaliwa kwamba kipimo cha chini kabisa kiwe milliampere 4, na cha juu kabisa 20. Kipimajoto kikiwa cha kupima kutoka digrii 0 hadi 200, umeme wa 12 maana yake ni digrii 100. Mtu aweza kuuliza kwa nini hesabu isianzie 0. Sababu ni kwamba waya ukikatika, umeme huwa 0. Kama 0 ingekuwa na maana ya baridi, kompyuta ingedhani kikaushio kimepoa, ingefungua mvuke wote, na kuiteketeza chai. Lakini kwa kuwa baridi kabisa ni 4, kompyuta huona 0 na kujua kwamba kipimo kimekufa. Hapo bloku iliyotungwa vizuri hupuuza habari hiyo, hulipeleka jambo mahali pa salama, na kumwita mtu.

MAMBO YA BOILA

Katika viwanda vingi kuni bado hutiwa kwa mikono. Kompyuta yaweza kuongoza feni ya moto na pampu ya maji, lakini haiwezi kupasua gogo wala kuchagua lililokauka. Watu wa misitu, kama wale wasomao Londiani, wajua kwamba sehemu ya joto la kuni mbichi huishia katika kuyachemsha maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe. Kwa hiyo mtia kuni naye awe na skrini yake, au hata taa moja tu, imwambie mapema kwamba mvuke unapungua.

Jambo moja halina mjadala. Vali ya usalama ya boila, na kifaa cha kuzima moto maji yapunguapo, vifanye kazi vyenyewe bila kuitegemea kompyuta hata kidogo.

SKRINI YA MWANGALIZI

Skrini ni macho ya mwangalizi ndani ya mabomba asiyoweza kuyaona. Sharti lake la kwanza ni kusema kweli. Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island huko Marekani, vali moja iliamriwa ijifunge, nayo ikakwama ikiwa wazi. Taa ya mbele ya waangalizi ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa. Haikuonyesha kama vali imefunga kweli. Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupoza yalivuja, na sehemu ya mtambo ikayeyuka. Funzo lake lahusu hata kiwanda kidogo: skrini ionyeshe amri iliyotolewa na pia hali iliyopimwa. Mambo hayo mawili yakitofautiana, iseme wazi.

Sharti la pili ni kutopiga kelele ovyo. Tarehe 24 Julai 1994 mlipuko ulitokea katika kiwanda cha mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, watu 26 wakaumia. Katika dakika 11 za mwisho waangalizi wawili waliletewa tahadhari 275. Hakuna binadamu awezaye kuzisoma tahadhari nyingi hivyo na kutenda. Tahadhari ipigwe pale tu penye jambo la kufanywa na mtu, na ieleze jambo hilo.

Skrini nzuri haina mapambo. Mandhari yake huwa ya kijivu, na rangi kali huwekwa akiba kwa ajili ya hatari, ili ionekanapo nyekundu kila mtu ageuke. Kwa kuwa wako watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, neno liandikwe pamoja na rangi. Neno hilo liwe la lugha aijuayo mwangalizi. “Joto limezidi: punguza mvuke” lafaa zaidi kuliko herufi na namba za siri ambazo hufahamika kwa aliyeziandika tu.

KAZI ZA WATU

Mwezi wa Mei mwaka 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika mashamba ya Kericho na watu waliolalamika kwamba zinawanyang’anya kazi. Hofu hiyo si ya bure, wala haifai kudharauliwa. Mahali ambapo zamani vikaushio vinne vilihitaji watu wanne, mmoja mbele ya skrini aweza kuviangalia vyote. Lakini huyo mmoja amebeba mzigo wa wanne. Asipojua kilichomo ndani ya bloku, siku ya hitilafu atakuwa kama abiria katika gari lisilo na dereva. Kwa hiyo mafunzo ya wafanyakazi yafaa kuhesabiwa kuwa sehemu ya bei ya mtambo.

Mkulima mwenye hisa haimpasi kujua hesabu za kompyuta, lakini aweza kusimama katika mkutano wa kiwanda chake na kuuliza. Je, fundi wa kikaushio aliulizwa kabla ya programu kutungwa? Je, ilijaribiwa siku isiyo na jani, kwa kukata waya makusudi na kuona itafanya nini? Je, nakala ya programu iko mikononi mwa kiwanda, au kwa mwuzaji peke yake? Je, kila badiliko huandikwa pamoja na tarehe na jina la aliyelifanya? Je, kompyuta ikizimika usiku wa manane, yuko zamuni mtu awezaye kukausha chai kwa mkono? Kiwanda chenye majibu mema kwa maswali hayo kimeifundisha mitambo yake vizuri.