Chuo Hakijulikani kwa Jina: Muulize Mzazi Aliyetangulia

Kila mwaka wakati wa vijana wetu kuitwa vyuoni uwadiapo, mabaraza ya Mombasa hubadili mazungumzo. Siasa huwekwa kando, kandanda husahauliwa, na mzee mwenye kikombe chake cha kahawa chungu humgeukia mwenziwe akamwuliza, "Wako kaitwa wapi?" Jibu likishatajwa, kila aliyeketi ana neno. Chuo hiki ni kizuri, kile kimeharibika, na kile kingine ni mbali mno. Lakini ukiwauliza ni wangapi kati yao waliowahi kukanyaga vyuo hivyo, utaona nyuso zinainamia vikombe.

Safari hii jambo hilo limenifika mimi mwenyewe. Binti yangu amepata nafasi ya kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Nyumbani furaha ilidumu usiku mmoja. Kulipopambazuka, shangazi yake akaja na maswali. Ni nani atakayemtazama mtoto wa kike karibu kilomita 800 kutoka kwao, tena kwenye baridi na, kama alivyosikia yeye, katikati ya msitu? Kwani hapo Kilifi hakuna chuo kikuu? Nami, kusema kweli, sikuwa na la kujibu. Nikaona heri niwaendee wazazi waliotangulia, wanieleze waliyoyaona kwa macho yao.

KARIBU NA NYUMBANI

Wa kwanza alikuwa jirani yangu, fundi wa mitambo ya meli aliyestaafu, ambaye mwanawe alisoma Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, pale Tudor. Mzee huyu ana mapenzi ya kale na chuo hicho. Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba kilianza kwa jina la MIOME, yaani chuo cha elimu ya Waislamu, kwa michango ya Sultani wa Unguja, Aga Khan, Mabohora na serikali ya kikoloni, na kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Mwaka 1966 kikafunguliwa milango kwa Wakenya wote bila kujali dini, mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Makuba yake yangali yakionekana hadi leo.

Mafunzo ya mikono aliyasifu sana. Tena kijana alilala kwao, akala kwao, na gharama ya bweni haikuwapo. Lakini mwaka wa pili nusura aache masomo. Kosa halikuwa la chuo, mzee alikiri. Kila alasiri kijana akitoka darasani aliwakuta wenziwe wa mtaani wameketi wakitafuna muguka, naye huketi nao. Chuo kilikuwa karibu, lakini maskani ilikuwa karibu zaidi.

UGENI WA MBALI

Wa pili ni mfanyabiashara wa vitambaa. Yeye alimpeleka mwanawe Khartoum, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, ambako vijana wengi wa pwani wamesoma. Alisema alichagua Sudan kwa sababu ni nchi ya adhana na chakula cha halali, akawa hana wasiwasi. Na kwa upande huo hajuti: kijana alirudi na Kiarabu safi na adabu iliyomfurahisha babake.

Ila alirudi mapema kuliko ilivyokusudiwa. Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, vita vikazuka mjini Khartoum. Kwa siku kadhaa simu ya kijana haikupatikana, na mamake hakulala. Alipofika nyumbani alikuwa na nguo alizovaa tu. Vyeti na alama zake za miaka miwili vyote vilibaki huko, na alipotafuta nafasi hapa Kenya ilimbidi aanze upya mwaka wa kwanza. Wasia wa mzazi huyu ni mmoja: kila karatasi mtoto aipatayo chuoni, nakala yake na ikae nyumbani.

Wa tatu alisema kwa haya. Alimwandikisha binti yake katika chuo kimoja cha kulipia ambacho jina lake tunalistahi, kwa kuwa ni mwendo wa tuktuk tu kutoka nyumbani. Baada ya miaka miwili ya karo, ikabainika kuwa kozi ile haikuwa imesajiliwa, na cheti hakikufaa kitu. Laiti angaliuliza mapema katika Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, au katika mamlaka ya vyuo vya ufundi iitwayo TVETA, angalijua ukweli kabla ya kutoa shilingi moja.

MAMA WA MAJENGO

Aliyenifungua macho hasa ni mama mmoja wa Majengo, ambaye mkewe wangu alimwalika nyumbani. Binti yake alisomea udaktari huko huko Eldoret. Mama huyu hakutegemea maneno ya watu. Alipanda basi na mwanawe, akalala huko siku mbili, akauliza mambo matatu: wasichana wanalala wapi, wanasali wapi, na mtoto akiugua ataitwa nani.

Alikuta kwamba makao makuu ya chuo yapo Kesses, nje ya mji, lakini wanafunzi wa udaktari husomea mjini Eldoret penyewe, kando ya Hospitali ya Rufaa ya Moi. Msitu wa shangazi ukaishia hapo. Misikiti ipo, na jumuiya ya wanafunzi Waislamu ipo, na wasichana wa pwani waliotangulia ndio waliompokea mgeni wao.

Mazito nayo hakuyaficha. Mwaka wa kwanza binti alilia kwenye simu karibu kila Ijumaa. Baridi ilimtesa, nyama ya mkahawani aliitilia shaka, akawa anajipikia maharagwe chumbani. Karo nayo ilikuwa mtihani mwingine. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na baba hakutaka kuugusa. Mama akauza bangili zake, wajomba wakachanga, na hivyo ndivyo walivyovuka.

Leo binti huyo ni daktari katika hospitali moja ya hapa pwani. Mama alinieleza kwamba wako wanawake wanaofika alfajiri wakakaa hadi adhuhuri, ilimradi wahudumiwe na yeye na si na mwanamume.

Hapo nikanyamaza. Ni mara ngapi nami nimesimama kwenye korido ya hospitali, mke wangu akiumwa, nikiuliza kama pana daktari mwanamke? Sisi tunaouliza swali hilo ndio hao hao tunaowazuia binti zetu wasiende kusomea kazi hiyo. Tunataka madaktari wa kike, lakini wawe mabinti wa watu wengine.

Basi wazazi wenzangu, umbali wa chuo peke yake si hatari, wala ukaribu wake si kinga. Hakikisheni kimesajiliwa, ulizeni mzazi ambaye mwanawe amekwisha kurudi, kisha mkiweza nendeni mkaone wenyewe.

Mimi nimekwisha kukata tiketi tatu za basi la Eldoret. Moja ni ya binti yangu, moja ni yangu, na ya tatu ni ya shangazi yake.